Mguu wa Mama Tangi

Dada wa mke wangu aliendesha lori la maji kwa muda mrefu kiasi kwamba watu walisahau kama ana jina jingine. Aliitwa Mama Tangi. Lilianza kama utani wa pale yadini, kwa sababu hakuwa na mtoto na wenye midomo wakasema tangi ndilo kifunguamimba wake. Kisha jina likatoka langoni, likafika mtaani, mwisho likaandikwa hata kwenye kadi za mwaliko wa harusi. Mwenyewe hakuona ubaya. Alisema tangi halijawahi kumjibu jeuri.

Mimi ni mtunza stoo wa yadi hiyohiyo. Nagawa matairi, vilainishi, balbu na mikanda ya feni. Dirisha langu linatazama lango, kwa hiyo kila gari linalotoka naliona mgongo.

Lori la maji si sawa na lori la mchanga. Mchanga ukishapakiwa umekaa, lakini maji hayakai. Ukikanyaga breki ghafla yanakimbilia mbele yote kwa pamoja na kukupiga mgongoni, na gari ulilodhani limesimama linasogea tena. Kama mbele kuna mtu anavuka, ndiyo basi. Mama Tangi alijifunza hilo bila kufundishwa na mtu. Kila alipoona mbele kuna shughuli, mguu wake wa kulia uliketi juu ya breki kwa wepesi sana, ukaburuta, ukayabembeleza maji mpaka gari lilale. Alisimama mbele ya hospitali, shule na majengo yanayojengwa bila tone kuruka kwenye mfuniko. Bosi alikuwa akiwaonyesha wageni: "Huyu mama ana mguu wa hariri."

Halafu mabomba yakafika kule tulikokuwa tukipeleka maji. Malori ya maji yakaanza kulala yadini, matairi yakipauka kwa jua. Bosi akamwita ofisini, nami nilikuwa humo nikisubiri sahihi ya vipuri.

"Mama Tangi, maji yamekwisha," alisema Bosi. "Kazi iliyobaki ni saruji, na saruji inakwenda na trela. Utaweza?"

"Kuweza si neno, Bosi. Leseni yangu hairuhusu."

Ilikuwa kweli. Leseni yake ilikuwa ya daraja la malori makubwa ya kipande kimoja, yale ambayo injini, kiti na mzigo vyote vimekaa juu ya fremu moja. Lori la kichwa na trela lina daraja lake, kama basi la abiria lilivyo na lake, na magari ya mafuta yana kibali chake mbali. Huwezi kurukia tu. Lazima usome, ukae na mwalimu, upimwe.

Hilo lilizua mabishano makubwa nje, penye benchi la madereva. Dereva mmoja wa trela, tuliyemwita Sauti kwa sababu hajui kunong'ona, alisimama kabisa.

"Lori ni lori!" alipiga kelele. "Usukani ni huohuo wa duara! Mnamtesa mama wa watu na mambo ya karatasi!"

"Kuku na mbuni wote ni ndege," Mama Tangi akamjibu. "Hebu mfuge mbuni kwenye banda lako la kuku, kisha uje utusimulie."

Watu wakacheka. Sauti akacheka kuliko wote. Tangu siku ile wakawa watani, na kila walipopishana barabarani kila mmoja alimpigia mwenzake honi ndefu, kama wanatukanana.

Chuo chenyewe kilikuwa uwanja wa kokoto uliozungushiwa ukuta. Kulikuwa na mapipa yaliyopakwa rangi nyeupe na nyekundu, kichwa kimoja kikuukuu na trela moja tupu. Mwalimu alikuwa mtu mkimya, dereva wa zamani, aliyependa kutembea nyuma ya gari badala ya kukaa ndani yake. Alifundisha kuunga na kuachanisha, kuunganisha mabomba ya upepo wa breki, kugonga matairi kwa chuma na kusikiliza yanavyojibu, kurudi nyuma kati ya mapipa. Kurudi nyuma ndiko kuliwatoa watu jasho, kwa maana trela huenda kinyume na mkono. Mama Tangi alilielewa hilo upesi. Alisema ni kama kubishana na mume: ukitaka aende kulia, mwelekeze kushoto.

Jumamosi moja nilikwenda kumchukua, mke wangu alikuwa ametualika wote chakula. Nikasimama ukutani karibu na Mwalimu. Lori lilikuwa likizunguka uwanja taratibu, hakuna kitu mbele yake.

"Wewe ni nani yake?" Mwalimu aliniuliza.

"Shemeji yake."

"Hebu tazama nyuma ya trela, shemeji. Unaona nini?"

Nilitazama. Taa za breki zilikuwa zinawaka. Lori lilikata kona, likanyooka, likapita mbele yetu likiongeza mwendo, na zile taa nyekundu zikabaki palepale, hazizimi.

"Balbu imeshikana," nilisema. Hiyo ndiyo kazi yangu, nafikiria balbu kwanza.

"Nilidhani hivyo. Nikabadilisha swichi. Akipanda mwingine zinazima."

Alinyanyua mkono, Mama Tangi akasimama, kwa ulaini wake uleule. Mwalimu akamwendea dirishani.

"Mama, mguu wako umelala kwenye breki."

"Mguu upi?"

"Huo wa kulia."

"Mwalimu, mguu wangu uko sakafuni." Akainama kutazama. Nikaona uso wake ukibadilika kidogo, halafu akacheka. "Haya, ulikuwa umepitia tu kusalimia."

"Umekuwa ukisalimia tangu Jumatatu."

Njiani kuelekea nyumbani alinung'unika. Alisema Mwalimu ana kasoro moja ya walimu wote, asipoona kosa anaona hafanyi kazi. Mke wangu alipomuuliza mezani kama ni kweli, alijibu kwa mkato: "Mdogo wangu, mguu wangu nitashindwa kuujua mimi?" Tukaacha.

Alipimwa kwenye uwanja uleule tambarare, na trela lilelile tupu. Alirudi nyuma kati ya mapipa bila kugusa hata moja. Alijibu maswali yote ya uzito, urefu na umbali wa kuachiana barabarani. Askari aliyempima alimpa mkono. Leseni ilipotoka, daraja jipya limeongezwa chini ya lile la zamani, aliipitisha benchi zima tuitazame, na Sauti akaibusu.

Siku iliyofuata Mwalimu alikuja yadini. Sijawahi kumwona mwalimu wa udereva akimfuata mwanafunzi aliyefaulu. Alisimama mlangoni kwa Bosi ameshika kofia mkononi.

"Amefaulu kwa haki," alisema. "Ila nina ombi. Ule mteremko wa kwenda kwenye mizani ya malori, asiushuke na mzigo peke yake. Ashuke kwanza na mtu anayeujua, mara nyingi tu, mtu wa kumwangalia miguu."

"Kwani hukumfundisha?" Bosi aliuliza.

"Nitamfundishia wapi? Chuo hakina mlima, na trela langu halijawahi kubeba hata mfuko mmoja."

Bosi aliahidi. Alimwahidi vizuri, hata akamsindikiza mpaka langoni. Na mwanzoni alitimiza, kwa maana Mama Tangi alipewa safari za tambarare, upande wa viwandani, ambako hata ukitaka kuumia huna pa kuangukia. Kila asubuhi nilimwona akitoka langoni. Kila asubuhi nilitazama taa za nyuma. Ziliwaka kutoka lango mpaka kona ya mwisho ambayo jicho langu linafika.

Nilimwambia. Akanijibu, "Shemeji, pale kuna watoto wanavuka," na ni kweli walikuwepo.

Kisha fundi akafungua magurudumu ya trela lake kwa ajili ya ukaguzi. Alitoa dramu moja ya breki, lile bakuli zito la chuma ambalo breki hubana kwa ndani, akalibeba kwa mikono miwili na kuliweka juu ya kaunta ya stoo. Ndani lilikuwa na rangi ya buluu ya chuma kilichoungua, kama shingo ya njiwa, na nyufa nyembamba kama nywele.

"Hili linatoka mlimani?" aliuliza.

"Halijawahi kufika mlimani. Ni la Mama Tangi."

"La tambarare?" Alilitazama tena. "Basi huko mlimani asiende."

Alikwenda kumweleza Bosi mwenyewe. Bosi akasema ni vipuri vya bei rahisi, akaagiza vingine. Vilipofika vikafungwa. Na kwa kuwa sasa breki zilikuwa mpya kabisa, na dereva mmoja wa mlimani alikuwa amelazwa, Bosi aliona hakuna tena sababu ya kumficha Mama Tangi nyuma ya viwanda. Alimpangia saruji ya ng'ambo ya mteremko. Wa kukaa naye alikuwa awe Sauti, lakini Sauti naye akapewa lori lake mwenyewe lipakie, kwa sababu mzigo ulikuwa mwingi.

"Atakuwa nyuma yako," Bosi alimwambia. "Ni kama mko pamoja."

Asubuhi ile mke wangu alimletea chai ya chupa mpaka yadini. Wakasimama kidogo kando ya tairi la mbele, dada na mdogo wake.

"Dada, ukiona huko hakueleweki, simama urudi."

"Nirudi vipi na trela mlimani, wewe? Nenda kazini."

Yaliyofuata nayaandika kama Mama Tangi na Sauti walivyonieleza, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupingana hata mahali pamoja.

Juu ya mteremko kuna sehemu pana ambapo malori husimama kukagua breki. Wote wawili walisimama. Walizunguka, waligonga matairi, walitaniana. Mama Tangi alichagua gia kabla ya kuanza kushuka, kama alivyofundishwa, kwa maana ukishaingia mteremkoni na uzito ule gia haikubali tena kubadilishwa. Sauti alimshauri aingize ya chini zaidi. Yeye akaijaribu ile aliyoichagua, akashuka nayo hatua chache, akaona gari limetulia, injini hainung'uniki. Akaamini inatosha.

Lilikuwa limetulia kwa sababu mguu wake ulikuwa unaisaidia gia kwa breki. Hilo hakulijua.

Sauti alikuwa nyuma, ameacha nafasi ya kutosha. Kwenye kona ya kwanza aliona taa nyekundu. Ni sawa, kila mtu huwasha konani. Barabara ikanyooka, taa zikaendelea kuwaka. Kona ya pili, bado. Akasubiri zizime. Alisema alijikuta anaziomba zizime, kwa sauti, peke yake ndani ya gari. Kisha ukaja moshi mwembamba kutoka magurudumu ya nyuma ya trela, na ile harufu ambayo kila dereva wa mlimani anaijua, ya kitu kinachoungua pasipo moto.

Akapiga honi. Honi ndefu, mkono umeganda juu yake.

Mama Tangi akaisikia. Akatabasamu, akamjibu kwa honi yake, ndefu vilevile, kama walivyofanya siku zote.

"Nikampigia tena," Sauti aliniambia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa ananong'ona. "Naye akanijibu tena. Nilipiga, akajibu. Nikawasha taa, akaniwashia zake. Shemeji yako alikuwa anacheka, namwona kwenye kioo chake anacheka."

Sehemu ya chini ndiyo kali kuliko zote. Hapo aliposikia gari linaanza kuongeza mwendo alikanyaga breki, sasa kwa kukusudia, na breki ikaenda mpaka chini bila chochote kubadilika. Akaikanyaga tena. Alisema ilikuwa kama kukanyaga mto wa kulalia. Injini ikaanza kulia. Mbele, chini kabisa, aliona paa la mizani na foleni ya magari yaliyosimama yakisubiri kupimwa, na watu wanaouza vitu madirishani mwa magari hayo.

Upande wa kulia kulikuwa na bonde. Upande wa kushoto kulikuwa na ukuta wa mlima uliochongwa. Aliulaza ubavu wa lori kwenye ukuta ule. Kioo kikaenda, mlango ukaingia ndani, trela likakwaruza jiwe mpaka mifuko ya saruji ikapasuka na kila kitu kikawa cheupe. Lori lilisimama mbali kidogo na gari la mwisho la foleni. Mkono wake wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Hakuna mtu mwingine aliyeguswa.

Askari wa barabarani alimkuta ameketi chini, amejaa saruji kichwani. Akaomba leseni, akaipangusa, akaisoma mbele na nyuma.

"Daraja unalo," alisema, na kumrudishia.

Hospitalini Bosi alikuja na matunda. Aliwaambia wauguzi kwamba huyu ndiye shujaa aliyeokoa foleni nzima, breki zilikatika lakini yeye hakukatika. Mama Tangi alikuwa akimsikiliza huku mkono umefungwa bandeji ngumu.

"Bosi, breki hazikukatika. Nilizimaliza mimi."

"Usijilaumu, mama."

"Sijilaumu. Nakueleza. Ulikuwa mguu wangu, tangu juu."

Bosi akampigapiga begani. "Pumzika. Lori likitoka gereji ni lako, huo mlima sasa umeshaujua."

Alipotoka Bosi, Mama Tangi aligeukia ukuta. Mke wangu alidhani amelala. Halafu akamsikia akisema polepole, "Mdogo wangu, hata sasa siukumbuki. Nakumbuka honi, nakumbuka kona, nakumbuka nilikuwa na njaa. Kukanyaga sikumbuki."

Mkono ulipona kabla lori halijatoka gereji. Bosi alipomwita kuchukua ufunguo, alikataa. Alisema hatashuka mteremko ule akiwa ameshika usukani mpaka kwanza ashuke yeye kwenye kiti cha abiria, Sauti akiendesha, na mpaka Sauti mwenyewe aseme inatosha. Bosi akamuuliza hiyo itachukua muda gani. Akajibu hajui. Bosi akasema mzigo wa watu hausubiri mguu wa mtu, na kwamba madereva wenye daraja hilo wanakuja kuomba kazi langoni kila siku. Ni kweli, nami huwaona. Mama Tangi akaondoka ofisini mikono mitupu.

Akaanza kupanda na Sauti, bila malipo. Siku za kwanza Sauti alisema mguu wa Mama Tangi ulikanyaga sakafu ya lori kutoka juu mpaka mizani, na alipomwambia, alilishika goti kwa mikono miwili na kulivuta juu, kama mtu anayemtoa mbuzi shambani kwa watu. Ukapanda. Akishaanza kuzungumza, ulirudi. Mwisho akavua kiatu na kuukalia kabisa.

Mwishoni mwa wiki iliyopita walikuwa sehemu ile pana ya juu wakikagua matairi, lori lililotoka gereji lilipowapita. Halikusimama. Mlango ulikuwa na rangi mpya na dereva alikuwa mgeni, mwanamume wa makamo mwenye miwani, aliyepata daraja la trela siku chache tu nyuma. Nilimpa mimi kizima moto asubuhi ile, akanishukuru kwa adabu.

Sauti alipanda haraka na kumfuata kwa mbali. Mama Tangi hakutaka kutazama mbele, akatazama. Kona ya kwanza, ya pili. Dirisha lilikuwa wazi, na baada ya muda ile harufu ikaingia.

"Ni sisi?" aliuliza.

"Si sisi," Sauti alijibu.

Yule mgeni alifika chini. Siku hiyo mizani haikuwa na foleni, na lori lake liliipita, likaenda mbele sana kuliko alivyokusudia, likasimama penye nyasi, magurudumu yanafuka. Mama Tangi alishuka na kumkimbilia. Alimkuta amesimama kando ya mlango akijipangusa miwani.

"Kabla ya hili ulikuwa unaendesha nini?" alimuuliza, anahema.

"Basi la shule. Kwa nini?"

"Kesho usishuke peke yako. Njoo ukae na sisi, kiti kipo. Au nikae na wewe, nikuangalie miguu."

Yule bwana aliivaa miwani yake, akautazama mteremko aliotoka, akamtazama yeye, akatabasamu kwa upole.

"Ahsante, mama," alisema. "Leseni ninayo."